Dada yangu hajui kikombe kwa macho ila anakishika vizuri, naombeni ushauri

Wakubwa niko Arua. Mwezi wa nane mvua ilikuwa kali, dada akaingiza sigiri ya makaa ndani akafunga dirisha akalala, asubuhi tukamkuta amezimia. Amepona ila namshikia kikombe mbele yake nauliza hiki nini, anasema naona kitu chekundu, basi. Hata mimi hanijui mpaka niongee. Lakini nikisema kichukue mkono unaenda moja kwa moja, vidole vinafunguka kwa kipimo cha kikombe kabisa, na mlangoni hajigongi. Daktari wa macho amesema macho mazima. Sasa shemeji anasema anajifanya ili asipike, inaniuma sana maana usiku namsikia analia.

Nesi wa Gulu: Pole sana ndugu yangu. Hajifanyi! Jicho linapokea tu, wa kuona ni ubongo kule kisogoni, na kutoka pale kuna njia mbili, ya chini inapita upande wa masikio ndiyo inakwambia hiki ni kikombe, ya juu inapanda kuelekea utosini inaongoza mkono. Gesi ya makaa inanyima ubongo oksijeni, inaonekana ya chini ndiyo imeumia. Kuna mama Mskoti, vitabu vinamwita D.F. tu, 1988 gesi kama hiyo ilimpata akioga huko Italia. Watafiti Milner na Goodale wakampima, ukimuuliza tundu limelala au limesimama anashindwa, ukimpa kadi aitumbukize inaingia. Waliandika 1992.

Boda Koboko: Kumbe, na sisi huku tungesema karogwa. Wa kinyume wapo?

Nesi wa Gulu: Wapo kaka, daktari Bálint aliandika habari zake 1909, mtu kitu anakijua vizuri ila mkono unakikosa.
Mwenye uzi, visu na panga weka mbali, D.F. alishika vifaa kwa kipimo sawa lakini upande wa mpini hakuujua kwa macho. Na usimwonyeshe kitu ukakificha halafu umwambie achukue, ile njia ya juu haitunzi kumbukumbu. Tumia rangi, na mwache apapase, mikono itamtambulishia. Mpelekeni kwa daktari wa ubongo hospitali ya rufaa, na shemeji aende naye asikie mwenyewe.

Mwenye uzi: Asante dada. Nimefunga kitambaa cha njano kwenye mswaki wake, leo ameuchukua mwenyewe akasema huu wangu. Shemeji alikuwepo, kanyamaza. Jumatatu tunaenda wote.