Dirisha likae ukingoni mwa skrini bila kufunika madirisha mengine

Swali
Hamjambo, wenzangu. Ninaandika kwa lugha ya C# na WPF (zana za Microsoft za kuundia madirisha ya programu) programu ndogo ya duka la vipuri lililoko Kirinyaga Road, hapa Nairobi, ambayo kazi yake ni kumwonyesha keshia malipo ya M-Pesa kadiri yanavyoingia. Nimeliweka dirisha kwenye ukingo wa kulia na kuwasha Topmost ili lisifunikwe. Tatizo ni kwamba keshia anapoipanua programu ya mauzo ijaze skrini, dirisha langu huifunika safu ya bei, naye hulazimika kulisogeza mteja akiwa amesimama mbele yake. Nifanyeje ili madirisha mengine yaliachie nafasi kama yanavyouachia mwambaa wa kazi wa Windows?

Jibu la kwanza
Topmost huamua tu dirisha lipi liwe juu ya lipi, wala haiyazuii mengine kuenea chini yake. Inakupasa uombe nafasi kwa Windows yenyewe kupitia SHAppBarMessage, amri ya Windows iliyomo katika shell32.dll, ambayo hutumiwa ujumbe wa aina mbalimbali. Jisajili kwanza kwa ABM_NEW, kisha utume mstatili unaoutaka kwa ABM_QUERYPOS, ambapo mfumo utaurekebisha iwapo mwambaa wa kazi umekwisha kuchukua sehemu yake. Kokotoa upana upya kutokana na jibu hilo, utume ABM_SETPOS, na hapo ndipo ulihamishe dirisha hadi kwenye mstatili uliorudishiwa. Usisahau kujaza cbSize, yaani ukubwa wa muundo wa data unaoutuma. Mimi kosa hilo lilinipotezea alasiri nzima.

Muulizaji
Nashukuru sana. Kwenye kompyuta yangu limekaa vizuri, lakini kwenye ile ya dukani, ambayo maandishi yake yamekuzwa hadi asilimia 125, dirisha linazidi nafasi iliyotengwa.

Jibu la pili
Hilo ni suala la vipimo. WPF huhesabu kwa vipimo vya 1/96 ya inchi, ilhali SHAppBarMessage inajua pikseli tu. Kwa ukuzaji huo, upana wako wa 300 ni pikseli 375. Zidisha kabla ya kutuma, na ugawanye unapopokea jibu kabla ya kuliweka katika Left na Width. Uwiano wenyewe utaupata katika TransformToDevice ya WPF, kwa hiyo usiandike 1.25 moja kwa moja katika msimbo.

Sikiliza pia ujumbe wa ABN_POSCHANGED, kwa maana mtu akiuhamisha mwambaa wa kazi itakubidi uombe nafasi upya, na programu inapofungwa uite ABM_REMOVE, la sivyo huenda pengo tupu likabaki ukingoni.

Jibu la kwanza
Naongeza moja: ikiwa skrini ya dukani ni ya pikseli 1366, ukichukua 375 programu ya mauzo itabaki na 991. Mwulize keshia kabla hujamnyang'anya nafasi hiyo, kwani orodha ya kiasi na saa pekee ingetosha katika upana wa 160.

Muulizaji
Nimemwuliza. Amesema jina la mlipaji lazima lionekane, kwa hiyo tumeafikiana 220, na sasa safu ya bei haifunikwi.