Wazazi U13 (chini ya miaka 13): Majina 18

JUMATANO

Mama Nasra 18:52
Assalam aleikum, Bwana Yesu asifiwe, habari za jioni wazazi wenzangu. Leo naomba mnisome mpaka mwisho. Fomu ya mashindano ya Mbagala nimeichukua mchana. Wanataka majina 18 tu na mwisho wa kurudisha ni Ijumaa saa 12 jioni. Sisi watoto tunao 24. Ada ya timu 150,000, Kosta kwenda na kurudi 130,000. Ni 12,000 kila mzazi. Waliotoa mpaka sasa ni 9.

Mama Nasra 18:53
Tusije tukarudia ya Kibaha.

Baba Tariq 19:10
🙏🙏

Mama Nasra 19:31
Baba Tariq hiyo mikono umekubali au unaomba dua?

Baba Tariq 19:33
Yote mawili dada. Halafu daluga zimeingia, saizi 36 na 38, mtumba wa Karume safi kabisa, 25,000. Ukija na pea ya zamani napunguza.

Mama Dani 19:34
36 niwekee mpaka mwisho wa mwezi

Baba Junior 19:35
Baba Tariq wewe fungua duka humuhumu, sisi tutakuwa tunapita tu 😂

Mama Nasra 19:40
Jamani. Majina 18.

Mama Nasra 20:15
Ngoja niwapigie hesabu, maana mimi ndiye nakaa pale pembeni na daftari. Mechi yao ni dakika 60. Uwanjani wanaingia 11. Kwa hiyo mechi moja ina dakika 660 za kugawa. Wakigawana watoto 24 sawasawa kila mmoja anapata 27 na nusu. Wakiwa 18 wanapata 36 na ushee. Wakiwa 16 ni 41. Hapo ni kama kocha anagawa sawa, na hakuna humu asiyejua kwamba hagawi sawa.

Mama Nasra 20:19
Mechi 5 zilizopita nimeandika kila aliyeingia na kila aliyetoka, kwa saa ya simu. Watoto 4 wamecheza dakika zote 300. Kuna watoto 7, wakijumlishwa wote saba, wana dakika 112. Majina sitaji hapa. Mzazi anayetaka ya mwanawe aje kwangu pembeni.

Mama Nasra 20:21
🚫 Ujumbe huu umefutwa

Mama Dani 20:22
Nimeuona kabla hujafuta.

Mama Dani 20:22
Dakika 9?? Mechi tano?

Mama Nasra 20:24
Mama Dani nisamehe sana, nilikusudia kutuma ukurasa wa hesabu nikabonyeza wa majina. Nakupigia.

Mama Dani 20:25
Usinipigie. Huwa ananiambia amecheza. Kila Jumamosi namuuliza na kila Jumamosi ananiambia amecheza.

Baba Junior 20:40
Mama Dani usilie, mpira ndivyo ulivyo, leo benchi kesho Taifa. Samatta katoka Mbagala hukohuko tunakokwenda na hakuna aliyemshikia saa.

Mama Nasra 20:44
Samatta alichezeshwa, Baba Junior. Asingepewa nafasi pale African Lyon nani angemwona, mpaka leo tuseme Genk na Aston Villa?

Baba Tariq 20:45
Waliomwona ni Simba. Andika vizuri.

Baba Junior 20:45
Acha kututia aibu, mlikaa naye msimu mmoja mkamuuza Mazembe

Baba Tariq 20:46
Nyinyi mlikaa naye mingapi?

Baba Junior 20:46
Sisi tuliwaachia mumlee 😂😂

Baba Tariq 20:47
🦁🦁🦁

Baba Junior 20:47
🟢🟡

Mama Nasra 20:58
Nimehesabu, jumbe za Simba na Yanga zinakaribia idadi ya watu waliolipa. Fomu jamani.

Baba Ibra 22:47
Nilisema sitaandika tena humu lakini leo niacheni niandike. Kibaha Ibra alipanda gari saa 11 alfajiri akarudi saa 2 usiku hakugusa mpira. Tulikuwa tunaongoza 4. Nne! Kizibao cha rangi ya machungwa alikivaa asubuhi akakivua jioni. Usiku ule namkuta bafuni anafua jezi. Jezi haina hata vumbi. Anaifua ili mama yake akiiona kwenye kamba asimuulize. Alikuwa na miaka 11. Halafu tarehe 2 naletewa ujumbe, "Baba Ibra ada ya mwezi". Nikalipa. Lakini sijasahau.

Mama Nasra 23:02
Baba Ibra, ule ujumbe wa ada niliutuma mimi. Habari ya jezi ndiyo naisikia leo. Nisamehe.

ALHAMISI

Dada Neema (Marekani) 04:10
Za asubuhi wapendwa, huku bado usiku. Naandika hapa kwa niaba ya Frank wangu kwa sababu ada yake natoa mimi. Mama Nasra hesabu yako ndiyo iliyowafanya wenzetu huku waweke kikomo. Shirikisho la mpira la Marekani linataka watoto wa U9 na U10 wacheze 7 kwa 7 na timu isizidi watoto 12. Wa U11 na U12 wanacheza 9 kwa 9, wasizidi 16. Kumi na moja kwa kumi na moja inaanzia U13. Uwanja unapunguzwa, magoli yanapunguzwa, mtoto anagusa mpira mara nyingi.

Dada Neema (Marekani) 04:16
Na kuna jumuiya inaitwa AYSO, ipo tangu 1964, sharti lao kila mtoto acheze angalau nusu ya kila mechi. Lakini nisiwadanganye, huo ni upande wa kujifurahisha. Wangu wa kwanza yupo klabu ya ushindani, tunalipa maelfu ya dola kwa mwaka na karatasi niliyosaini inasema dakika haziahidiwi. Amekaa benchi kwenye baridi nikimtazama kupitia kioo cha gari. Kwa hiyo msidhani huku tumemaliza.

Baba Junior 06:31
Dada Neema na sisi tukianza 9 kwa 9 yule refa wa Mbagala si atadhani wawili wamekimbia? 😅

Mama Nasra 06:50
Ahsante sana mdogo wangu Neema. Hata mimi ningependa 9 kwa 9, lakini mashindano si yetu. Tunatafuta la kufanya kufikia kesho jioni.

Kocha 07:15
🎤 Ujumbe wa sauti (1:38)

Mama Nasra 07:29
Kwa wasiofungua sauti: Kocha anasema haya ni mashindano, si mazoezi. Akipanga watoto ambao bado hawajaiva tutatolewa siku ya kwanza na wote watakuwa wamekosa, pamoja na hao wanaolalamikiwa. Anasema pia yeye hakuomba watoto 24. Alitaka 18, kamati ndiyo ikamwambia aendelee kupokea ili kodi ya kiwanja ipatikane.

Mama Nasra 07:33
Na hilo la mwisho ni kweli, sitalizunguka. Tulikaa kibarazani kwangu tukakubaliana. 24 mara 15,000 ni 360,000 kwa mwezi, na humo ndimo inamotoka kodi ya kiwanja, posho ya kocha, mipira na maji. Sasa wale watoto 7 wa dakika 112 wazazi wao wanaleta 105,000 kila mwezi. Wanalipia kiwanja ambacho watoto wenzao ndio wanachezea. Mimi usiku sikulala vizuri kwa hilo.

Mama Dani 07:40
Na hao watakaoachwa kwenye 18, nao wanalipa Kosta?

Mama Dani 09:12
Nimeuliza.

Baba Kelvin 13:26
Wakuu poleni, nilikuwa zamu ya usiku. Nimesoma kanuni za hayo mashindano, picha aliyotuma Mama Nasra wiki iliyopita. Angalieni namba 6. Sabu ni 5 na aliyetoka harudi. Maana yake 11 wanaanza, 5 wanaingia, jumla 16. Mkiandika 18, hata kocha awe malaika wapo wawili lazima wasiingie kila mechi.

Baba Kelvin 13:29
Mimi kwa urefa wangu nawaambia hili linaombeka. Sheria ya 3 ya IFAB, wale wanaotunga sheria za mpira duniani, kwa soka la vijana inaruhusu mchezaji aliyetoka kurudi tena, ikiwa chama cha mpira cha nchi kimekubali. Mama Nasra ukipeleka fomu waulize waandaaji wamepata ruhusa hiyo au wamenakili tu kanuni za wakubwa. Wakikubali warudi, hesabu yote inabadilika, anatoka anapumzika anarudi.

Mama Nasra 13:34
Baba Kelvin laiti ungekuwa unafungua simu mapema 🙌 Nitawauliza.

Baba Junior 13:50
Kwa hiyo tunaandika 16 au 18? Mimi naona 18, mtoto anaweza kuumwa tumbo asubuhi. Tukibaki 16 na wawili wakiugua tumebaki na sabu 3.

Mama Nasra 13:55
Na wewe una hoja. Wengine? Tupo 31 humu, wameandika 7.

Mama Nasra 17:20
Wengine?

Mama Shedrack 17:48
Naunga mkono

Mama Nasra 17:49
Unaunga lipi mama?

Mzee Salum 20:36
Hapa naandikiwa na mjukuu, mimi natamka. Salamu kwenu nyote. Hamisi, wewe unayeitwa Baba Ibra, mwaka 1998 kiwanja cha Barafu pale Mburahati nilikuwa nawafundisha wewe na wenzako. Nilikuweka benchi mechi nne kwa sababu ulikuwa mdogo wa mwili. Mama yako Mungu amrehemu alikuja mechi ya nne akasimama nyuma ya goli, kanga amejifunga kiunoni, hakusema neno. Nilimwona. Sikukuingiza. Tulishinda ile mechi na leo simkumbuki aliyefunga, lakini mama yako amesimama pale namwona. Nilipaswa kukuambia siku nyingi. Hata kwenye msiba wake nilikusudia nikashindwa. Nisamehe mwanangu.

Mzee Salum 20:41
La pili. Shabani wangu ni mmoja wa hao wa dakika 300, najua bila daftari. Jumamosi mechi ya kwanza adake kipindi kimoja, cha pili asimame yule kipa mwingine. Nimeshamwambia, amenuna, atanunua. La tatu, mtoto mtakayemwandika kwenye hiyo fomu acheze. Kama hamtamchezesha msimwandike, na baba yake aambiwe leo na siyo Jumamosi garini. Nimemaliza.

Mama Nasra 20:52
Shikamoo Mzee wetu.

Baba Tariq 20:53
Shikamoo Mzee

Baba Junior 20:53
Shikamoo Mzee. Tumesikia.

Mama Shedrack 20:55
Shikamoo baba

Baba Kelvin 21:10
Shikamoo Mzee Salum.

Mzee Salum 21:14
Marahaba wanangu. Hapo juu mtoto kakosea, ni atanuna atanyamaza. Si atanunua.

Baba Ibra 23:40
Shikamoo Mzee. Yameisha Mzee.

IJUMAA

Mama Nasra 06:12
Baada ya maneno ya jana nimezungumza na Kocha usiku kwa simu. Amekubali 16 wanaocheza, na amekubali la kipa. Anataka wawili wa tahadhari waandikwe lakini wasipande gari mpaka mtu augue. Hilo la wawili nimemwambia bado. Majina kasema analeta saa 4.

Mama Nasra 11:05
Kocha, saa 5 hii.

Kocha 14:48
📷 Picha

Mama Nasra 14:56
Ahsante Kocha. Nimeona majina 15. Dani yumo. Nafasi ya 16 umeandika "Ibra au Frank".

Mama Dani 14:57
Dani yumo kucheza au yumo kukaa?

Kocha 15:20
Kucheza mama. Anaanza mechi ya pili, winga ya kushoto.

Mama Dani 15:21
Sawa. Na lile swali langu la Kosta bado halijajibiwa. Siulizi kwa ajili yangu tena.

Dada Neema (Marekani) 15:44
Frank mwekeni pembeni safari hii. Nimeongea naye sasa hivi kabla ya kazi, anasema goti bado linamuuma na alikuwa anaogopa kusema asije akapoteza namba. Mwandikeni Ibra.

Mama Nasra 15:47
Mungu akubariki. Baba Ibra, umeona?

Mama Nasra 16:30
Baba Ibra?

Mama Nasra 17:24
Nipo kwenye daladala, nakaribia Rangi Tatu, foleni imetukamata Mtongani karibu saa nzima. Baba Ibra peni ninayo mkononi, sitaki kumwandika mtoto bila neno lako.

Baba Junior 17:26
Mpigie mama yake

Mama Nasra 17:27
Nimempigia, kasema mwenye neno ni baba.

Baba Ibra 17:51
Samahani nilikuwa kazini. Ibra yupo tuisheni, anatoka saa 12 kamili. Nataka nimuulize yeye mwenyewe. Kibaha sikumuuliza.

Mama Nasra 17:53
Saa 12 ndiyo wanafunga.

Baba Ibra 17:53
Najua.

Mama Nasra 17:58
Nimefika, nipo mezani kwao. Nimewauliza ile namba 6 ya Baba Kelvin, wamesema watalizungumza asubuhi kabla ya mechi ya kwanza. Hawakukataa, hawakukubali.

Baba Kelvin 18:01
Asubuhi nitakuwepo. Nitakuja na karatasi.

Mama Nasra 18:03
Wamekubali kunisubiri mpaka saa 12 na robo. Waliolipa wamefika 20, pungufu 40,000, na ada ndiyo nimeimaliza hapa. Kosta nimemwambia dereva aje saa 12 na nusu asubuhi kwa Mzee Salum, zilizobaki atazikuta.

Baba Ibra 18:09
Ametoka. Anavuka barabara anakuja. Subiri.