Fomu ya maombi ya chuo imemshinda kijana asiyeona, nianzie wapi kuitengeneza?

mtoto_wa_wete:
Assalaamu alaykum jamani. Mie nashughulikia websaiti ya chuo kimoja hapa Unguja, tuko wawili tu na bajeti hakuna. Msimu wa maombi alikuja kijana haoni, kapanda boti kutoka Mkoani, Pemba, kisa fomu yetu imemshinda kwenye simu yake, kitu ambacho wenzake wamekijaza wamekaa barazani kwao. Niliona haya kwelikweli mana fomu ile nimeitengeneza mie. Sasa bosi anataka tununue kile kialama kinachokaa pembeni ya ukurasa, ukikibonyeza kinakuza maandishi na kubadilisha rangi, anasema kinatosha. Kinatosha kweli?

sauti_ya_mkoani:
Waalaykumu salaam. Mie mwenyewe sioni, natumia TalkBack kwenye simu na NVDA kwenye kompyuta, ni programu zinazonisomea skrini kwa sauti. Hicho kialama pesa yake bora muiweke, sie programu za kutusomea tunazo tayari, shida imo ndani ya ukurasa wenyewe. Nafungua fomu simu inanambia "sehemu ya kuandika", nashuka chini "sehemu ya kuandika", tena "sehemu ya kuandika", sasa jina nitie wapi na namba ya mtihani nitie wapi? Nyie mnaona neno liko pembeni ya kisanduku lakini halikufungwa nacho, basi kwangu halipo. Na ukurasa umeandikwa Kiswahili lakini ndani umetiwa alama kuwa Kiingereza, NVDA inakisoma kwa ulimi wa kizungu, neno "usaili" sikulifahamu mpaka mara ya nne.

Kilichoniuma zaidi ni majina ya waliochaguliwa. Karatasi imepigwa muhuri, ikaskaniwa, ikatiwa mtandaoni PDF. Ile ni picha tu, programu haipati hata herufi moja. Nimesoma miaka yote ile, siku ya kujua kama nimepata chuo jirani ndo alojua mwanzo, mie nikaambiwa.

fundi_tunguu:
Pole sana ndugu yangu. @mtoto_wa_wete yote hayo yanatengenezeka bila ya senti. Kila kisanduku kifunge na lebo yake (lile neno la pembeni), kila picha yenye maana itie maelezo kwenye alt (maneno ya kuieleza picha, programu huyasoma), juu ya ukurasa andika lang="sw" ijulikane ni Kiswahili (sauti ya eSpeak inayokuja na NVDA inacho Kiswahili). Tangazo litoeni PDF moja kwa moja kutoka Word, la muhuri liwekeni pembeni kwa wanaolitaka. Na yale maandishi ya manjano juu ya nyeupe yatoeni, WCAG 2.2 ya 2023 (mwongozo wa kimataifa wa websaiti zinazotumika na wenye ulemavu) inataka maandishi ya kawaida yawe na uwiano wa mwangaza wa angalau 4.5 kwa 1 na rangi ya nyuma. NVDA ni bure, ipakue leo, kisha zima skrini ujaze fomu yako mwenyewe. Bosi akisema si lazima mwoneshe kifungu cha 9 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa 2006, kinataja mpaka intaneti, na Tanzania imeuridhia tokea 2009.

mama_wa_chake:
Msiwasahau na viziwi. Mwanangu hasikii, video ya kuwakaribisha wanafunzi wapya haina maandishi chini wala mkalimani wa lugha ya alama, na ukitaka kuuliza jambo wameweka namba ya kupiga tu. Sasa apige asikie nini? Wekeni na ya kuandikiana.

mtoto_wa_wete:
Ahsanteni sana, na mama nimekusikia, namba ya WhatsApp naitia kesho. Leo nimeweka mausi kando nikajaza fomu kwa Tab na Enter tu, nimekwama pale pa kuchagua kozi, menyu haifunguki kabisa. Lebo nimemaliza. Yule kijana namba yake ninayo, n'tampigia aijaribu kabla hatujaifungua.

sauti_ya_mkoani:
Vizuri sana. Ila mkimwita kujaribu mlipeni, hiyo ni kazi kama kazi nyengine.