Antibodi ya keratini haishiki kwenye ngozi, nakosea wapi?

BintiChake: Asalaam alaykum wenzangu, mie nipo maabara hapa Unguja, nna vipande vya ngozi vilokaa fomalini (dawa ya kuhifadhi) kisha parafini (nta), naweka antibodi (protini ya kudaka protini nyengine) ya keratini 14, protini ya ngozi, lakini slaidi inatoka tupu, haina rangi, leo siku ya tatu na sampuli zenyewe ni za wagonjwa, sitaki zipotee bure.

Yakhe wa Malindi: Waalaykum salaam dada. Fomalini inazifunga protini, antibodi haipati pa kudaka. Umezichemsha slaidi kwenye maji ya sitreti ya pH 6 (yenye asidi kidogo) kwanza, ili zifunguke? Dakika 20 hivi, halafu ziache zipoe zenyewe, usizitoe kwa pupa.

Mpemba_Mzee: Na weka pembeni yake kipande cha ngozi nzima isiyo na maradhi, cha kulinganishia. Keratini 14 inakaa safu ya chini kabisa ya epidemisi (ngozi ya juu), keratini 10 iko juu yake, kwa hivo rangi ya kahawia, ile inayoonesha antibodi ilipodaka, ikitapakaa kila pahala usiiamini hata kidogo. Tazama na antibodi ya pili, ile inayodaka ya kwanza, kama ya kwanza imetoka kwa sungura basi ya pili lazima iwe ya kudaka ya sungura, mie hilo lilinilia wiki nzima.

BintiChake: Lo, sijachemsha! Nlitoa parafini nkaosha basi. Kesho asubuhi naanza upya, shukran sana kaka zangu.