Matema Jumamosi: gumzo la Wajukuu wa Katumba

Jumatatu, 9 Oktoba

Tumpe 06:12
Shikamooni wakubwa wote, wadogo hamjambo. Jambo hili nimekaa nalo wiki nzima, leo nalileta. Jumamosi tarehe 14 ni sikukuu ya Mwalimu, hakuna shule wala ofisi. Twende Matema, ufukweni Ziwa Nyasa. Wote. Na Bibi.

Tumpe 06:15
Jumamosi ndiyo gulio la Lyulilo, Wakisi wanashusha vyungu. Bibi hajakanyaga kule tangu mwaka ule. Nataka aone mitumbwi ya kwao ikiingia akiwa bado anaona vizuri.

Tumpe 06:19
Kosta ya siti 28 nimeshaongea na dereva. Laki 4 na nusu, kwenda na kurudi siku hiyohiyo. Advansi laki 2 kabla ya Jumatano saa 12 jioni, la sivyo anawapa watu wa kwaya. Mtu mzima 30,000, mtoto 15,000, chakula humohumo. Andikeni majina.

Bupe 09:40
Nipo zamu. Nitasoma jioni

Tumpe 12:03
Kundi lina watu 23. Waliosoma 17. Aliyejibu ni Bupe peke yake na yuko wodini. Ndugu zangu.

Gwakisa 12:20
Dada nipo. Ila nyie ndo mngeshuka huku Dar, kuna bahari yenyewe, ya chumvi 😂

Ambo 12:21
Anko maji ya chumvi ukishaoga inabidi utafute maji ya kuoga 😂😂

Gwakisa 12:21
Huyu mtoto nani kamuunga humu

Ambo 12:22
Shangazi Tumpe. Mimi ndo mweka hazina msaidizi

Gwakisa 12:24
Basi hela zimekwisha 😂

Tumpe 12:30
Gwakisa unakuja au huji? Niandike jina lako au nisiandike?

Gwakisa 12:58
Kilomita 800 na ushee dada, kwa siku moja ya kuoga? Ngoja nione ruhusa kazini

Sekela Kyela 13:31
Karibuni sana nyumbani. Niwaambie ya huku, maana mnakuja na akili ya Uyole. Masweta mtayavua kabla hamjafika Ipinda. Huko mnaishi juu, huku ziwa liko mita 470 na kitu tu kutoka usawa wa bahari, joto ni joto. Lami siku hizi inafika: mnakunja Kikusya, Ipinda, mpaka Matema. Mwezi huu upepo wa mwera umetulia, si kama Juni na Julai ziwa linapochafuka. Mkiwahi kufika asubuhi mchanga bado haujachoma, maana jua linachelewa kuruka ile milima ya Livingstone. Ufukwe wenyewe mnaujua, watoto watakimbia mpaka wachoke bila kugongana na mtu.

Sekela Kyela 13:34
Ila tusikae upande mto Lufilyo unapoingia ziwani. Mamba. Pale hata sisi wenyeji hatuogi. Na maji msiyaone yametulia, ukivuka pale yanapobadilika rangi chini hakuna tena. Ziwa Nyasa kina chake kinafika mita 700.

Tumpe 13:36
Ndaga fijo, asante sana dada Sekela. Mbasa je?

Sekela Kyela 13:40
Mbasa nitaagiza kwa wavuvi, lakini nijue idadi ya watu. Usipa upo wa kutosha. Mchele ni wa kwangu, msibebe mchele kuja Kyela mtanitukanisha kwa majirani

Ambo 13:41
Mama Mdogo ule wali wa mwaka ule wa mgombani nauota mpaka leo

Gwakisa 13:42
Ulioliwa na mbwa wa mchungaji? 😂😂😂

Ambo 13:42
😂😂😂 Anko acha

Mama Bahati 13:50
😂😂😂 Mmenikumbusha mbali

Tumpe 13:52
Mama Bahati, kumbe upo. Siti ngapi?

Bupe 19:26
Nimetoka zamu. Mimi nakuja, siti 1. Naombeni mnisikilize kwa kichocho. Kipo Ziwa Nyasa, si hadithi. Konokono wake wanakaa penye majani na maji yaliyosimama, kwa hiyo watoto waoge kwenye mchanga mweupe ambako wimbi linapiga, wasiende kwenye matete. Wakitoka wajifute hapohapo, wasikaukie mwilini. Halafu wiki 6 hadi 8 baadaye tunawapima wote, mimi mwenyewe nitawapanga. Ukipima kesho yake hakionekani. Na jioni mikono mirefu, mbu wa Kyela hawana mzaha.

Baba Mkubwa 20:05
Piteni Masoko ni karibu. Mtaonana na ziwa la Masoko njiani

Tumpe 20:07
Shikamoo Baba Mkubwa. Asante. Ila kwa kosta tupite lami.

Gwakisa 20:08
Baba Mkubwa shikamoo. Yale ya Masoko tusirudie jamani, dereva yule hajaniamkia mpaka leo 😂

Ambo 20:09
Anko alisukuma gari na suruali ya harusi

Mama Bahati 20:15
😂😂😂😂

Tumpe 20:31
Wameandika: Bupe 1. Mimi na wanangu, siti 3. Sekela tunamkuta. Hiyo ni siti 4 kati ya 28. Naomba tusicheke mpaka tukapoteza gari.

Jumanne, 10 Oktoba

Tumpe 05:48
Shikamooni. Nawakumbusha, advansi kesho saa 12 jioni.

Tumpe 10:02
Anyisile, mdogo wangu, nimekupigia mara mbili.

Mama Bahati 11:17
Niweke 2. Hela nikipata ya viazi Alhamisi

Tumpe 11:18
Alhamisi gari halipo wifi. Tuma hata nusu.

Mama Lusajo 15:44
Wifi Tumpe habari za kazi. Nauliza kitu kimoja tu. Safari hii watoto anaangalia nani?

Bupe 16:20
Tunaweza kupangiana zamu, mtu mzima mmoja kwa watoto watatu

Mama Lusajo 16:22
Bupe asante. Nimemuuliza wifi.

Tumpe 16:40
Wifi, ukiwa na neno lisemwe.

Mama Lusajo 16:51
Neno langu unalijua miaka 7. Mimi nilikwenda Lyulilo kuchagua chungu, tena chungu cha Bibi. Nikaacha mwanangu wa miaka mitano mikononi mwako. Narudi nakuta watu wamezunguka, amelazwa ubavu anatapika maji. Kile chungu nilikidondosha palepale. Nimekuja misiba, nimekuja harusi, nimenyamaza. Lakini usiniambie nipakie watoto kwenye gari kama vile hakukuwa na kitu.

Gwakisa 16:55
Shemeji, dada, yamepita hayo. Kijana sasa ana sauti nzito kuliko mimi

Mama Lusajo 16:56
Kwako yamepita shemeji. Mimi mvua kubwa ikinyesha usiku naamka kumgusa.

Tumpe 17:10
Nilikuwa kwenye moto nageuza samaki. Nimesema hivyo siku ile, nikasema kwa mchungaji, nikaja nyumbani kwako nikapiga magoti. Sina neno lingine, wifi. Na mimi yule ni mwanangu.

*Ujumbe huu umefutwa.*

Ambo 17:31
Jamani hivi spika ya muziki tunabeba?

Bupe 17:32
Ambo, si sasa.

Baba Mkubwa 21:47
Wanangu. Naandika polepole mnivumilie. Siku ile Tumpe hakuondoka hivihivi. Alinijia akasema Baba Mkubwa nakwenda kugeuza samaki nakuachia watoto. Nikamjibu nenda mwanangu. Nilikuwa nimekaa chini ya mwembe. Nikasinzia. Nilichoshtukia ni kelele, na yule kijana wa mtumbwi alikuwa ameshamtoa.

Baba Mkubwa 21:58
Sikusema siku ile. Niliona haya mbele ya mkwe. Kesho yake ikawa ngumu zaidi na mwaka ukapita. Tumpe hakunitaja hata mara moja, amelibeba yeye. Leo nimesoma yote haya nimeshindwa kula. Mama Lusajo, aliyelala ni mimi. Nisamehe mwanangu.

Jumatano, 11 Oktoba

Bupe 05:30
Shikamoo Baba Mkubwa.

Sekela Kyela 06:11
Shikamoo Baba Mkubwa.

Gwakisa 06:40
Shikamoo Baba Mkubwa. Nimekusoma usiku. Nitakupigia.

Mama Bahati 08:02
Ugonile Baba. Tupo pamoja

Bupe 10:15
Samahanini kwa kuingilia. Tumpe hajaandika tangu jana na simu haipokelewi. Dereva kanipigia mimi, anauliza laki 2 ipo au haipo. Iliyotumwa mpaka sasa ni 60,000. Yenyewe ni yangu na ya Mama Bahati nusu.

Gwakisa 10:22
Laki moja natuma mimi mchana huu, nije nisije. Ruhusa bado sijajibiwa

Ambo 10:30
Mimi nina 8,000 ya mchango wa spika. Nitaitoa kwenye gari

Bupe 10:31
Asante mwanangu. Anyisile? Lugano? Watu wa Iringa?

Mama Lusajo 13:18
Shikamoo Baba Mkubwa. Nimesoma jana palepale ulipotuma. Nilishindwa kuandika. Nimekwenda kukaa uani mpaka baridi ikaniingia. Baba, mimi sina cha kukusamehe kwa sababu mtoto ninaye. Lakini nimemsema vibaya wifi yangu mbele ya watu kwa miaka 7, na kwa mama yangu mzazi pia. Hilo sijui nalianzia wapi.

Baba Mkubwa 13:49
Marahaba mwanangu. Utaanzia hapohapo ulipo.

Tumpe 15:02
Nipo. Nilikuwa shambani Igawilo, simu niliiacha nyumbani makusudi.

Tumpe 15:03
Shikamoo Baba Mkubwa. Nilikuahidi palepale ufukweni kwamba sitasema, na nisingesema.

Tumpe 15:09
Wifi, nimekuona. Tutaongea mimi na wewe, si humu.

Mama Lusajo 15:10
Sawa wifi.

Tumpe 15:14
Tuendelee. Gwakisa laki imeingia, Mungu akubariki. Jumla 160,000. Bado 40,000 kufika advansi na saa 12 ndiyo hiyo inakuja.

Mama Lusajo 15:26
Nimetuma 75,000. Mimi, Lusajo na mdogo wake, halafu 15,000 ya mtoto yeyote ambaye mama yake hana. Anyisile yuko machimboni, mtandao wa shida.

Tumpe 15:27
Imeingia. Ndaga.

Bupe 15:30
Nampelekea dereva sasa hivi. Tuna 235,000, anachukua 200,000

Tumpe 15:33
Gari tumelipata. Kuondoka Uyole saa 11 alfajiri, Tukuyu tunapita kumchukua Baba Mkubwa na Bibi. Nani mwingine?

Baba Mkubwa 17:20
Nimekaa na Mama. Kuhusu safari hakusema ndiyo wala hapana. Ameuliza kama Wakisi bado wanakuja na mitumbwi, nikamwambia bado. Akauliza na nani atampeleka kwao Ikombe, maana kaburi la mama yake liko kule na hajalipalilia. Anasema hawezi kufika Matema akaiona Ikombe kwa mbali halafu akarudishwa nyumbani jioni kama mzigo.

Tumpe 17:24
Baba Mkubwa, gari ni la kwenda na kurudi siku moja.

Baba Mkubwa 17:31
Nimemwambia. Amesema mwende salama.

Sekela Kyela 17:38
Hapana, hilo lisiwe. Bibi alale kwangu Jumamosi. Jumapili namtafutia mtumbwi wa injini alfajiri, ziwa likiwa limelala, anafika Ikombe na kurudi. Kumrudisha Katumba ndiko sijui, kosta itakuwa imeshaondoka

Bupe 17:41
Naweza kubaki naye, Jumatatu naingia zamu ya usiku. Ila kwenye mtumbwi nataka maboya, tena la kwake limfae

Gwakisa 17:45
Tumuulize dereva akilala ni bei gani

Tumpe 17:46
Akilala ni laki 2 juu. Na tuko siti 10 tu zilizoandikwa.

Mama Lusajo 17:52
Mimi nitabaki na Bibi. Ile siku chungu chake hakikufika. Nikanunue kingine naye akiwa pembeni, anijulishe kilichoiva vizuri motoni.

Baba Mkubwa 18:05
Na mimi Jumamosi nitakaa na watoto pale majini. Kiti mnibebee kisicho na mgongo.

Tumpe 18:11
Sawa Baba Mkubwa.

Tumpe 18:12
Kesho asubuhi nampigia Bibi mwenyewe nimweleze ya kulala kwa Sekela. Mama Bahati nusu yako nyingine. Lugano umesoma tangu Jumatatu. Watu wa Iringa mseme.

Sekela Kyela 18:40
Jamani mbasa niagize wangapi? Wavuvi wangu wanatoka usiku wa kesho

Ambo 18:44
Wengi

Anyisile 23:16
👍