Kumpongeza mhitimu kwa safari ya gari: Mwanza, Magu, Bunda hadi Butiama

Baba Neema, hongereni sana. Mtoto kumaliza chuo huku Uingereza, ugenini, si jambo dogo, nimefurahi kama wangu.

Umeuliza kama mkishafika Mwanza mwezi wa saba mkodi ukumbi au mchukue gari mzunguke kwa ndugu. Mimi nasema gari. Nyuma ya shahada za watoto wetu kuna mtu Magu au Bunda aliyeuza ng'ombe ili sisi wazazi tupate nauli, na kuna aliyebaki kumtunza bibi miaka yote hii. Ukumbini mtu huyo atakaa meza ya nyuma, atakula, ataondoka na basi kabla hata mhitimu hajamsalimia. Ukimfuata kwake, Neema anapiga goti pale pale uani, shangazi anamwekea mkono kichwani, majirani wanakuja kushuhudia. Watoto wangu pacha walipohitimu tulifanya hivyo, na mpaka leo wanawataja wale wazee kwa majina.

Sasa namna yenyewe. Kodini Noah pamoja na dereva wa huko huko. Barabara ya Musoma ni lami yote, hamhitaji gari kubwa. Kubalianeni mapema, tena kwa maandishi, mafuta ni juu ya nani, na chakula na malazi ya dereva ni juu ya nani. Kwenye makazi ya watu mwendo ni 50 kwa saa na trafiki wana tochi, kwa hiyo msimharakishe. Jioni saa moja giza linaanza kuingia, na njia ile ina ng'ombe, baiskeli na bodaboda zisizo na taa. Pangeni kulala, msipange kufika usiku.

Mkitoka Igoma mnafika Kisesa. Chepukeni Bujora, kwenye makumbusho ya Wasukuma. Neema akaone ngoma na vifaa vya kazi vya mababu zake kabla hajaingia kwenye nyumba zao. Kisha Magu, Lamadi, Bunda. Kila nyumba mtapikiwa, na hakuna nyumba mtakayoruhusiwa kuondoka bila kula. Basi nyumba mbili kwa siku zinatosha, ya tatu itawashinda. Mpigie simu kila mwenyeji siku moja kabla na umwambie idadi yenu, maana ndugu wataomba kupanda kila kituo na viti ni vile vile. Mfundisheni binti kusalimia kwa Kisukuma, "mwangaluka" asubuhi, na kushukuru kwa "wabeja" akipewa kitu. Akiletewa michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, asiulize maswali, ale.

Mwisho wa safari uwe Butiama, kwenye kaburi la Mwalimu. Nalisisitiza hili kwa sababu Neema amesoma Uskoti. Mwalimu Nyerere naye alihitimu Edinburgh mwaka 1952, akarudi, na mengine tunayajua. Mwacheni asimame pale kwa muda wake, msimkimbize na picha.

Mama Kulwa

—

Shikamoo Mama Kulwa. Naunga mkono, ila wenye ndugu upande wa Sengerema na Geita wasiogope tena. Zamani Kigongo ulikuwa unapanga foleni ya feri, ukivuka Busisi siku imeshaharibika. Tangu Juni 2025 kuna Daraja la J.P. Magufuli, kama kilomita 3 juu ya maji, mnavuka kwa dakika chache. Sengerema sasa mnakwenda asubuhi, mnakula sato mchana na jioni mko Mwanza. Kwa wanaokwenda Ukerewe feri bado ipo, hiyo ipangieni siku yake peke yake.

Baba Tumaini

—

Naongeza la afya, maana ndiyo kazi yangu. Vijana waliokulia huku wakiliona ziwa wanataka kuruka ndani. Wakatazeni. Kichocho kipo, kinatoka kwa konokono wa maji na kinapita kwenye ngozi, hata kwa kusimama tu ufukweni maji yakiwa magotini. Dalili zinaweza kuchelewa wiki kadhaa, mtu ameshasahau safari. Dawa yake ipo na inatibu vizuri, lakini lazima umwambie daktari kwamba uliingia Ziwa Victoria. Malaria vilevile: mtoto aliyezaliwa huku hana kinga, aanze vidonge kabla ya kuondoka na avimalize baada ya kurudi. Homa yoyote mkisharudi, hospitali siku hiyo hiyo, na neno la kwanza liwe "nimetoka Tanzania".

Dada Rehema

—

Asanteni sana wote, mke wangu amesoma na amekubali. Mama Kulwa, mambo mawili. Neema ana pasipoti ya Uingereza, sisi wazazi tuna za Tanzania. Je, tukipita Serengeti? Na joho lake lilikuwa la kukodi, amesharudisha. Bibi ameshasema anataka kumwona ndani ya joho.

Baba Neema

—

Kiingilio cha hifadhi kinafuata uraia, siyo ukoo. Ninyi mtalipa shilingi, Neema atalipa dola kama mgeni yeyote, na getini hawapokei pesa taslimu, kwa hiyo awe na kadi. Geti la Ndabaka liko kando ya barabara kuu kati ya Lamadi na Bunda. Mkiona gharama ni kubwa, acheni hifadhi, msipunguze zawadi za wazee. Viza yake aiombe mtandaoni mapema.

Kuhusu joho, msishone la kuigiza. Safisheni picha kubwa ya siku ya mahafali, nakala kadhaa, moja kwa kila nyumba, fremu mtanunua Mwanza. Ile ya bibi iwe kubwa kuliko zote, na Neema aitundike mwenyewe ukutani bibi akimwelekeza pa kupigilia msumari.

Nitumie tarehe zenu. Dereva tuliyemtumia sisi anakaa Igoma na ni mtu mwenye subira na wazee, nitamuuliza kama ana nafasi.

Mama Kulwa