Apophysis, JWildfire au kanuni za Inkscape: ipi inafaa kuchora mikoko na makangaga kwa fraktali?

MtuWaPwani (Tanga):
Wakuu, habari za jioni. Nataka kutengeneza picha tatu za ukutani, saizi A2. Sitaki picha za kamera, nazo ninazo nyingi. Nataka ule mpangilio wenyewe: mizizi ya mikoko, makangaga niliyoyaona msitu wa Amani, na vijito vinavyojichora kwenye tope maji yakipwa. Ukivitazama vyote vitatu, kipande kidogo kinafanana na kizima, ndiyo maana nimefikiria fraktali.

Kompyuta yangu ni ya zamani, RAM GB 4, haina kadi ya michoro. Nimesoma kuhusu programu za fraktali: Apophysis, JWildfire, Ultra Fractal na Mandelbulber. Sijui nianze na ipi. Aliyezitumia anieleze, tafadhali.

Nyuzi25 (Morogoro):
Karibu sana mkuu. Kabla ya kuchagua programu, jiulize kitu chenyewe kinakuaje. Vitu vyako vitatu vinakua kwa njia tatu tofauti, kwa hiyo huenda programu moja isikutoshe.

Kangaga ndilo rahisi kuliko vyote. Mwanahisabati Michael Barnsley alionyesha kwamba jani zima la kangaga linatoka kwenye kanuni nne tu. Unachukua nukta moja, unaipeleka mahali pengine kwa kanuni mojawapo, unarudia mara laki kadhaa. Kanuni ya kwanza inachukua jani zima, inalipunguza kidogo na kulizungusha kidogo. Hiyo inatumika asilimia 85 ya mara zote, na ndiyo inayopandisha jani hadi kwenye ncha. Mbili zinatoa vijani vya kushoto na kulia, asilimia 7 kila moja. Ya nne inabana kila kitu kuwa mstari, yaani kikonyo, asilimia 1.

Kwenye Apophysis kila kanuni ni pembetatu unayoivuta kwa kipanya, na zile asilimia unaziweka kama uzito. Ni ya bure, nyepesi, ni ya Windows. Kwa kangaga, anza hapo usiku huu huu. Hutahitaji hesabu, vuta pembetatu na utazame.

Fundi_Matawi (Mombasa):
Kwa kangaga nakubaliana na Nyuzi25. Kwa mizizi sikubaliani. Apophysis inatokana na mbinu ya fraktali za miali ya moto aliyoibuni Scott Draves mwaka 1992, na picha zake zina ule mng'ao kama moshi au hariri. Mizizi si moshi. Mzizi una unene, una panda, una mahali ulipoanzia.

Tumia Inkscape, programu ya kuchorea mistari. Ni ya bure, na ndani yake kuna kiendelezi cha mfumo wa L (kuchora kwa kanuni za herufi), uliobuniwa mwaka 1968 na Aristid Lindenmayer, mwanabiolojia wa Hungaria aliyekuwa akitafuta namna ya kueleza ukuaji wa mimea. Unaandika herufi: F ni piga mstari, + na - ni geuka, mabano ya mraba ni toa tawi kisha rudi ulipokuwa. Anza na X, kisha weka:

X=F+[[X]-X]-F[-FX]+X;F=FF

Pembe nyuzi 25, marudio 5. Utaona mmea umesimama mbele yako, ukiupindua, mizizi. Kuna sehemu ya kubadilisha pembe na urefu wa hatua kwa kubahatisha, kwa asilimia. Usiiache sifuri! Mti usio na kasoro unaonekana wa plastiki. Mimi huweka kati ya 10 na 20.

Halafu hiyo ni michoro ya mistari, si pikseli. A2 kwa nukta 300 kwa inchi ni pikseli 4961 kwa 7016, karibu milioni 35. Inkscape haijali hayo, unakuza utakavyo. Ukitumia Apophysis kwa ukubwa huo, weka kikomo cha kumbukumbu ili ichore ukanda baada ya ukanda, la sivyo RAM yako haitatosha.

BintiLamu:
Kaka Fundi, kanuni yako ni nzuri ila huo si mkoko. Mimi nimekulia kando ya mikoko. Mizizi ya mkoko inatoka kwenye shina juu ya maji, inashuka kwa upinde kama mbavu za jahazi, na upinde mmoja hutoa mwingine. Mchu, mti mwingine wa mikokoni, ni kitu kingine kabisa: mizizi yake inachomoza juu ya tope kama penseli zilizosimama. Ukichanganya, mtu wa pwani atajua papo hapo.

Ili upate upinde, usigeuke nyuzi 25 kwa mara moja. Geuka kidogo mara nyingi, F+F+F+F kwa nyuzi 8, kisha ndipo utoe panda. Nimejaribu, inashuka vizuri.

Sultani_wa_Pikseli (Muscat):
Niongeze kuhusu zilizobaki. Ultra Fractal ni ya kulipia. Nguvu yake ni kupanga tabaka juu ya tabaka na kuzama ndani ya seti ya Mandelbrot, ile fraktali maarufu, na jamaa zake. Ninaipenda sana, lakini kwa mikoko haitakusaidia. Mandelbulber ni ya bure na inatoa maumbo ya pande tatu, mapango na kitu kama matumbawe. Bila kadi ya michoro utasubiri usiku kucha kwa picha moja. Iache mpaka upate mashine nyingine.

JWildfire inafanana na Apophysis ila ina mengi zaidi, na inaendeshwa kwa Java, kwa hiyo hata Mac na Linux inakubali. Inaweza kukutolea rundo la picha za kubahatisha uchague. Kwa GB 4 itakubana.

Vijito vya tope usivitafute kwenye programu hizi. Kuna mbinu ya wanafizikia Witten na Sander ya mwaka 1981: chembe inatangatanga, ikigusa kundi inaganda, inakuja nyingine. Matawi yanayotokea yanafanana na vijito vyako. Ni mistari michache ya Python, lugha ya kuandikia programu.

MtuWaPwani:
Ahsanteni mno. Kangaga limetoka jana usiku, na nilikaa nalitazama mpaka saa saba. Tatizo ni kwamba limekuwa kangaga kweli kweli, na mimi nilitaka kitu cha kudokeza tu.

Nyuzi25:
Hapo ndipo kazi inapoanza mkuu. Shika pembetatu moja ya pembeni, isogeze kidogo kidogo. Kuna mahali jani linaacha kuwa jani. Rudi hatua moja nyuma, hifadhi. Rangi usichague kichwani: Apophysis inaweza kuchota mfululizo wa rangi kutoka kwenye picha yako ya kamera. Ipe ile ya Amani.

BintiLamu:
Na mkoko upe picha ya jioni, maji yakiwa ya kahawia.

MtuWaPwani:
Sawa dada. Jumamosi ni bamvua, maji yatakupwa mbali. Nitashuka na kipima pembe nipime mizizi yenyewe, halafu nirudi hapa na namba.